Vijitabu vya Lincoln na Watu Waliovihifadhi

Tarehe 18 Mei 1860, chama cha Republican kilipokutana katika mji wa Chicago kikamteua Abraham Lincoln, wakili wa Springfield katika jimbo la Illinois, kuwa mgombea wake wa urais wa Marekani, wapiga chapa wa miji mikubwa walijikuta katika dhiki isiyo ya kawaida, kwani taifa zima lilitaka kumjua mtu huyu, ilhali wao wenyewe hawakuwa na habari zake ila chache mno. Yakaanza mashindano ya kuchapisha maisha yake upesi kabla shauku ya watu haijapoa, na kitabu kilichotangulia kufika sokoni, mwanzoni mwa mwezi wa Juni, kikiuzwa New York kwa senti 25, kilitoka na jina la mgombea limekosewa katika anwani yake: badala ya Abraham kiliandikwa Abram. Kitabu cha namna hiyo hakikutungwa ili kiishi. Kilitungwa kiwapitishe watu katika majira ya uchaguzi, kisha kazi yake ikiisha na chenyewe kiishe. Ikiwa leo mtaalamu wa taarikh aweza kukishika mkononi na kujua jinsi Wamarekani walivyomfahamu Lincoln, na jinsi walivyokuwa hawajamfahamu, katika juma lile la kwanza, shukrani haziendi kwa aliyekitunga wala kwa aliyekiuza, bali kwa watu wachache waliotumia umri wao kuokota na kuhifadhi yale ambayo wenzao waliyatupa.

Watu hao ndio tunaotaka kuwazungumzia hapa, pamoja na hivyo vijitabu walivyovipenda, kwani katika kazi yao mna mafunzo ambayo hayahusu Marekani peke yake.

Yafaa kwanza ieleweke vijitabu hivyo vilikuwa nini. Wakati Lincoln aliposimama kugombea urais, mashine za kupiga chapa zilikuwa zimekwisha kuendeshwa kwa nguvu ya mvuke, karatasi ilikuwa rahisi, reli na posta zilifika hata vijiji vya mbali, na watu wengi walijua kusoma. Kwa hiyo kijitabu cha kurasa chache ndicho kilichokuwa njia ya haraka ya kusema na umma, kikienda mbali kuliko hotuba na kikidumu zaidi kidogo kuliko gazeti la siku moja. John Locke Scripps, mhariri wa gazeti la Press and Tribune la Chicago, aliandika maisha ya Lincoln katika kurasa 32 tu, akitumia maelezo aliyopewa na Lincoln mwenyewe. Humo alitaja kuwa mgombea alikuwa amesoma wasifu wa mashujaa wa kale ulioandikwa na Plutarch. Kisha dhamiri ikamsumbua kwa kuwa hakuwa na hakika, akamwandikia Lincoln kumwomba kwamba, kama hajakisoma kitabu hicho, basi akisome sasa, ili maneno yaliyochapwa yapate kuwa kweli. Kijana mwingine, William Dean Howells, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya, aliandika wasifu wake huko Columbus, Ohio, bila ya kukutana na Lincoln hata mara moja, na rafiki mmoja wa Lincoln alipompelekea nakala ya kitabu hicho, mgombea alikaa akakisoma kwa penseli mkononi, akasahihisha makosa pembezoni mwa kurasa. Nakala ile yenye mwandiko wake ina thamani kuliko kitabu chenyewe, kwa sababu yatuonyesha mambo ambayo mtu huyo hakukubali yasemwe juu yake hata yakiwa ni sifa.

Tena Lincoln mwenyewe alikuwa ameonja kazi ya mkusanyaji. Mwaka 1858, alipogombea kiti cha seneta dhidi ya Stephen Douglas, wagombea hao wawili walijadiliana hadharani mara saba, kuanzia tarehe 21 Agosti mpaka tarehe 15 Oktoba, na shauri kubwa katika majadiliano hayo lilikuwa utumwa na mipaka yake. Baada ya uchaguzi, ambao Lincoln aliushindwa, alikata maneno ya majadiliano hayo kutoka magazetini akayabandika katika daftari moja kubwa, na alipofanya hivyo alishika kanuni ya insafu inayostahili kukumbukwa: hotuba zake mwenyewe alizitoa katika gazeti lililomuunga mkono yeye, na hotuba za Douglas alizitoa katika gazeti lililomuunga mkono Douglas, ili kila mmoja asemewe na watu wake na asiwepo wa kulalamika kwamba amepotoshwa. Kutoka katika daftari lile ndimo kilimochapwa, mwaka 1860, kitabu cha majadiliano hayo huko Columbus. Daftari lenyewe lingalipo mpaka leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, nalo lilifika huko pamoja na mkusanyo wa Alfred Whital Stern wa Chicago, aliyeutoa hiba kwa taifa mwaka 1953.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, vijitabu viliongezeka, kwa kuwa kila upande ulikuwa na jambo la kuwaambia watu. Mwezi wa Februari 1863 ilianzishwa New York jumuiya iliyojiita Loyal Publication Society, kwa ajili ya kuutetea umoja wa nchi na serikali yake, na mpaka ilipomaliza kazi ilikuwa imetoa vijitabu 90 mbalimbali, ambavyo nakala zake zilikaribia 900,000, vikisambazwa kambini kwa askari na mijini kwa raia. Wapinzani nao hawakulala. Jumuiya yao iliongozwa na Samuel F. B. Morse, yule ambaye jina lake limeshikamana na telegrafu, na bwana huyo msomi, mwenye akili ya kupeleka habari kwa waya kutoka mji hadi mji, alitumia kalamu yake kutunga kijitabu cha kuhalalisha utumwa kwa hoja za dini na maadili. Mwenye kusoma vijitabu vya jumuiya hizi mbili kwa pamoja hupata kusikia ubishi wenyewe wa zama zile, hoja na majibu ya hoja, kwa namna isiyopatikana katika vitabu vikubwa vilivyoandikwa baada ya mshindi kujulikana.

Katika mwaka wa uchaguzi wa 1864 matusi yalifika upeo wake. Kulitoka kijitabu kilichomwita rais Abraham Africanus wa Kwanza, na kusudi la mtungaji lilikuwa kumdhalilisha Lincoln kwa kumnasibisha na Afrika, kana kwamba hapana aibu kubwa kuliko hiyo. Na mchapaji wa New York aliyekitoa alitoa pia kijitabu kingine katika sura ya maswali na majibu ya mafundisho ya dini, akimshutumu rais kuwa ni jabari anayeivunja katiba. Ubaya uliopita huo ulikuwa katika kijitabu cha kurasa 72 kilichotoka mwishoni mwa 1863 bila ya jina la mtungaji, kikijifanya kuwa ni kazi ya rafiki wa watu weusi anayehubiri kwamba lengo la vita ni kuwaoza weusi na weupe. Nakala zilipelekwa kwa viongozi waliopinga utumwa, na kwa Lincoln pia, kwa matumaini kwamba watakisifu na kujinasa wenyewe mbele ya wapiga kura. Kumbe waliokitunga walikuwa waandishi wawili wa gazeti la World, lililokuwa adui wa Lincoln, nao ni David Goodman Croly na George Wakeman. Hila ilijulikana baadaye, na Lincoln alichaguliwa tena. Lakini lau nakala za kijitabu kile zingalitupwa zote kwa kuonekana ni uchafu, ushahidi wa hila ungalitupwa pamoja nazo, na sisi wazao wa Afrika tusingalijua kwa kadiri gani jina la bara letu lilitumiwa kuwa silaha ya kuwatia watu hofu katika uchaguzi wa nchi ya mbali.

Wala nchi hiyo haikuwa mbali na pwani yetu kama mtu anavyoweza kudhani. Tangu mapatano ya mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na serikali ya Marekani, merikebu za Salem zilikuwa zikitia nanga Unguja, zikileta ile nguo ya pamba ambayo mpaka leo twaiita merikani na kurudi na pembe, ngozi na sandarusi. Vita vya Lincoln vilipozuia pamba ya Kusini isifike katika viwanda vya Massachusetts, nguo hiyo iliadimika katika maduka ya Unguja na bei yake ikapanda, hata nguo za Uingereza na Bara Hindi zikapata nafasi ambayo zamani hazikuwa nayo. Msafara uliokuwa ukijitayarisha kuvuka kutoka Bagamoyo kwenda bara ulihisi vita hivyo katika mizigo yake, ijapokuwa hapakuwa na kijitabu kilichowaeleza wapagazi sababu.

Kati ya vijitabu vyote vya wakati ule, kimoja kilikuwa kidogo kuliko vingine na athari yake ilikuwa kubwa. Mwishoni mwa mwaka 1862, tangazo la Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi likiwa limekwisha kutolewa lakini halijaanza kutumika, mfanyabiashara wa Boston aitwaye John Murray Forbes alilichapisha katika kijitabu cha kurasa chache, chenye ukubwa wa kufichika katika kiganja cha mkono, ili askari wa Kaskazini wachukue nakala mifukoni na kuzigawa kwa watumwa kila walipofika. Mtumwa alikatazwa na sheria za majimbo mengi ya Kusini asijifunze kusoma. Hata hivyo karatasi ile ilimfikia, na aliyejua herufi aliwasomea wasiojua. Ilipofika tarehe 1 Januari 1863, siku ya kuanza kwa tangazo, habari zake zilikuwa zimekwisha kutangulia.

Kisha ukaja msiba. Usiku wa Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili 1865, Lincoln alipigwa risasi katika ukumbi wa michezo wa Ford mjini Washington, akachukuliwa mpaka nyumba ya Petersen iliyokabili ukumbi huo, akafa humo asubuhi ya pili yake. Siku iliyofuata kifo hicho ilikuwa Pasaka, na wachungaji waliokuwa wametayarisha maneno ya furaha ya ufufuko wakalazimika kuyaweka kando na kuzungumza na makanisa yaliyotandwa nguo nyeusi. Wengi walisema bila ya karatasi, na waumini wao wakawaomba waandike waliyoyasema yapate kuchapwa. Ilipotangazwa kwamba tarehe 1 Juni itakuwa siku ya maombolezo ya taifa zima, hotuba nyingine zikafuata, hata vijitabu vya mahubiri na taabini vikawa mamia, kutoka makanisa ya miji mikubwa na ya vitongoji, na kutoka masinagogi pia. Katika vijitabu hivyo mchungaji mmoja humfananisha rais na Musa aliyeiona nchi ya ahadi asiingie. Mwingine huhuzunika kwamba alikufa akiwa katika nyumba ya michezo siku ya Ijumaa Kuu. Mwingine ataka wakuu wa Kusini waadhibiwe bila ya huruma, na jirani yake ahimiza msamaha. Hakuna kitabu kimoja cha taarikh kiwezacho kuleta sauti zote hizo, kwa kuwa kitabu kimoja kina mwandishi mmoja.

Hapo ndipo kazi ya wakusanyaji ilipoanza. Mwaka 1866 John Russell Bartlett wa Providence alitoa orodha ya vitabu na vijitabu vilivyohusu vita, na ndani yake maandishi ya kumwomboleza Lincoln yalikuwa na sehemu yake. Wakati huo huo kijana wa Philadelphia, Charles Henry Hart, ambaye rais alipouawa alikuwa na umri wa miaka 18, alikuwa akikusanya mahubiri na taabini hizo, akiandikiana na watu waliomjua marehemu, akiwemo William Herndon aliyekuwa mshirika wa Lincoln katika uwakili. Alikutana kwa barua na Andrew Boyd, mchapaji wa Albany aliyekuwa na mkusanyo wake mwenyewe, na mwaka 1870 wawili hao wakatoa orodha ya pamoja ya vitabu, taabini, mahubiri, picha na nishani zilizomhusu Lincoln. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu msiba. Walioomboleza walikuwa hai, wachapaji walikuwa bado wana nakala ghalani, na makosa yaliweza kuulizwa na kusahihishwa. Uharaka wa vijana hao ulikuwa ndio hekima yao, kwa kuwa kijitabu ambacho mtu hupewa bure katika mwaka wake wa kwanza huwa kimepotea kabisa katika mwaka wa ishirini.

Kilifuata kizazi cha wakusanyaji watano ambao Wamarekani wenye kuyapenda mambo haya huwataja kwa heshima mpaka sasa: Meja William Lambert wa Philadelphia, hakimu Daniel Fish wa Minneapolis, Charles McLellan wa Champlain katika jimbo la New York, Judd Stewart wa New Jersey, na wakili Joseph Oakleaf wa Moline, Illinois. Watu hao walishindana, kwani kila mmoja alitamani kuwa na kile ambacho mwenziwe hana. Lakini pia walisaidiana, wakibadilishana nakala zilizozidi na kuulizana kwa barua juu ya matoleo yenye utata. McLellan alikuwa na kisa cha pekee: katika ujana wake aliishi Springfield akamwona Lincoln kwa macho yake, kisha akahamia Kusini na vita vilipozuka akavaa sare ya jeshi la Kusini, jeshi lililompiga vita rais huyo, na baada ya haya yote akatumia miaka yake ya baadaye kukusanya kila kijitabu kilichotaja jina lake. Sababu za moyoni mwake ni siri yake, lakini mkusanyo wake ni shahada kwamba uadui wa silaha si lazima uwe uadui wa milele.

Kwa mwenye kutafuta mfano wa msomi, Daniel Fish ndiye anayetupendeza zaidi. Alizaliwa Illinois mwaka 1848, akaingia jeshini angali kijana sana, kisha akasomea sheria na kwenda kuishi Minneapolis, ambako alifanya kazi ya uwakili na uhakimu. Mwaka 1906 alichapisha orodha yake ya vitabu na vijitabu vilivyomhusu Lincoln, yenye anwani zaidi ya elfu moja. Kuitazama orodha hiyo kijuujuu, mtu hudhani ni kazi kavu: anwani kama ilivyochapwa, jina la mtungaji, mji, mchapaji, mwaka, ukubwa wa karatasi, idadi ya kurasa. Lakini kila mstari ni hukumu iliyotolewa baada ya ushahidi kusikilizwa, kwa sababu mahubiri ya namna moja huweza kuwa yamechapwa mara mbili kwa tofauti ndogo, kijitabu kisicho na jina huhitaji kutafutiwa mwenyewe, na tarehe iliyoandikwa juu yake yaweza kuwa ni ya kusemwa na si ya kuchapwa. Hakimu huyo alipeleka katika vijitabu tabia ile ile aliyojifunza mahakamani, ya kutokubali neno la mtu mmoja bila ya shahidi wa pili. Oakleaf aliiendeleza kazi yake kwa orodha ya nyongeza ya mwaka 1925, na kisha Jay Monaghan, aliyefanya kazi katika maktaba ya taarikh ya jimbo la Illinois, akatoa katika miaka ya 1943 na 1945 orodha yenye juzuu mbili, iliyokusanya anwani 3,958 za karne nzima, kuanzia 1839 mpaka 1939. Hata leo wauzaji wa vitabu vya kale hutaja kijitabu kwa nambari kiliyopewa na Monaghan.

Mbali na wasomi, walikuwako wakusanyaji wa mapenzi matupu. Osborn Oldroyd alikuwa kijana muuza magazeti huko Ohio mwaka 1860, akasoma mojawapo ya vile vitabu vya uchaguzi, na tangu hapo hakuacha kukusanya. Mwaka 1883 alipanga nyumba ya Lincoln mwenyewe huko Springfield akaijaza vitu vyake. Mwaka 1893 alihamia Washington akakaa katika ile nyumba ya Petersen alimofia rais, akiwapokea wageni na kuwaonyesha. Serikali ilinunua mkusanyo wake mwaka 1926 kwa dola 50,000, naye akafa mwaka 1930, umri wake wote wa utu uzima ukiwa umepita katika khidima ya jambo moja.

Kila mkusanyaji hufikiwa na swali la mwisho: nikiondoka duniani, hivi vitakuwa vya nani? Mkusanyo wa Lambert uliuzwa mnadani mwaka 1914, baada ya kifo chake, na yale yaliyowekwa pamoja kwa miaka mingi yakatawanyika katika siku chache. Wenzake walikuwa na bahati njema zaidi. Mkusanyo wa Stewart ulinunuliwa na Henry Huntington kwa maktaba yake ya California. Wa McLellan ukaingia mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Brown, kwa msaada wa John D. Rockefeller mdogo, kuwa kumbukumbu ya John Hay, karani wa Lincoln aliyesoma chuoni hapo. Wa Oakleaf ukaenda Chuo Kikuu cha Indiana. Na wa Fish ukanunuliwa na kampuni ya bima iliyobeba jina la Lincoln huko Fort Wayne, na mwaka 2008 hazina ya kampuni hiyo ikakabidhiwa kwa maktaba na makumbusho ya umma ya jimbo la Indiana. Gavana Henry Horner wa Illinois naye alilipatia jimbo lake mkusanyo wake mwaka 1940.

Faida ya yote haya ilionekana wazi zaidi kwa sababu ya jambo moja. Karatasi za siri za Lincoln zilikuwa mikononi mwa mwanawe Robert, naye aliziweka katika Maktaba ya Bunge kwa sharti kwamba zisifunguliwe mpaka ipite miaka 21 baada ya kufa kwake, na hivyo hazikufunguliwa ila tarehe 26 Julai 1947. Kwa muda wa zaidi ya miaka 80 karibu kila mwenye kutaka kumchunguza Lincoln hakuwa na mlango wa karatasi zake nyingi, na ilimbidi ategemee yaliyokuwa yamechapwa, yaani magazeti, vitabu na vijitabu. Na hata baada ya mlango huo kufunguliwa, yako mambo ambayo hayapatikani kwingine. Tarehe 14 Aprili 1876, siku ya kuzinduliwa kwa sanamu ya Lincoln mjini Washington, sanamu iliyojengwa kwa michango ya watu waliokuwa watumwa, na ambayo mchango wake wa kwanza ulikuwa dola 5 kutoka kwa mwanamke aliyeachwa huru aitwaye Charlotte Scott, Frederick Douglass alisimama mbele ya rais aliyekuwa madarakani akatoa hotuba ambayo haikuwa ya kusifu tu. Alisema wazi kwamba Lincoln alikuwa kwanza rais wa watu weupe, kwamba alichelewa, na kwamba pamoja na hayo yote weusi wana sababu ya kumheshimu, kwa kuwa chini ya utawala wake minyororo yao ilikatika. Hotuba hiyo ilichapwa katika kijitabu mwaka ule ule. Anayesoma mahubiri ya Pasaka ya 1865 peke yake huondoka na Lincoln aliye kama mtume. Anayesoma vijitabu vya 1864 peke yake huondoka na Lincoln jabari. Mwenye kuvisoma vyote pamoja na kijitabu cha Douglass ndiye anayekaribia kumwona mtu mwenyewe.

Katika zama zetu mila hii ilishikwa na Frank J. Williams, mwanasheria aliyepata kuwa Jaji Mkuu wa jimbo la Rhode Island. Alianza kukusanya tangu utotoni, akaendelea pamoja na mkewe Virginia kwa zaidi ya nusu karne, bila ya kuyaacha masomo ya sheria, utumishi wa jeshi wala kiti cha hukumu, na pamoja na kukusanya aliandika na kuongoza jumuiya za wenye kumchunguza Lincoln. Mwaka 2017 waliutoa mkusanyo wao hiba, vitabu, picha, hati na vijitabu, nao waliutoa kwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Mississippi. Hebu mtu azingatie uzito wa hiari hiyo. Mississippi lilikuwa jimbo la pili kujitenga na Marekani, Januari 1861, kwa sababu ya kuchaguliwa kwa Lincoln. Ndilo jimbo la Jefferson Davis, rais wa Kusini. Na katika uchaguzi wa 1860 hapakuwa huko karatasi ya kura yenye jina la Lincoln. Leo mwanafunzi wa Mississippi, pengine mjukuu wa watumwa, pengine mjukuu wa mabwana wao, aweza kuingia katika maktaba ya chuo chake akaomba kijitabu cha mwaka 1864 na kukisoma mwenyewe bila ya kuhadithiwa.

Katika kuyatafakari maisha ya watu hawa twaona mambo matatu yanayomtenga mkusanyaji na mlimbikaji. La kwanza ni insafu, kwamba alihifadhi tusi pamoja na sifa, kwa kuwa aliyetupa matusi ya Africanus kwa ajili ya kumpenda Lincoln angalimnyima Lincoln ushahidi wa taabu aliyoivumilia. La pili ni orodha, kwani vijitabu elfu visivyoorodheshwa ni mali ya mtu mmoja tu, yule anayekumbuka vilipo, na akifa huwa si mali ya mtu. La tatu ni kutoa, kabla mnada haujatawanya.

Pwani yetu haikukosa watu wa namna hiyo. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake mzuri, na J. W. T. Allen alizungukia miji ya pwani akikusanya miswada ya Kiswahili kwa msaada wa wazee walioihifadhi katika masanduku yao, mpaka orodha ya miswada iliyo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatolewa mwaka 1970. Lakini tenzi tulijua ni hazina, na vijitabu hatukuvipa heshima hiyo. Jomo Kenyatta alitoa kijitabu chake juu ya mapambano ya Kenya huko Manchester mwaka 1945, karibu miaka 20 kabla hajawa rais. Mwalimu Julius Nyerere alieleza ujamaa katika kijitabu cha mwaka 1962. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vilienea katika sura ya vijitabu mwaka 1967, na Mwongozo wa TANU ukafuata mwaka 1971. Hayo ni ya viongozi wenyewe, na ya namna hiyo kwa kawaida hayapotei yote. Yanayopotea ni ya watu: risala za matawi ya chama, ratiba za mapokezi, mashairi ya kumsifu rais yaliyochapwa kwa gharama ya mshairi, mahubiri na khutuba zilizotolewa alipofariki, na maandishi ya waliompinga, ambayo wenyewe waliyaficha kwa hofu na wanao wakayachoma kwa kutoyajua.

Kazi ya kuyaokoa haihitaji serikali ianze, wala mtu awe tajiri. Hart alianza na miaka 18, na Oldroyd alianza kwa kitabu alichokuwa akikiuza. Inahitaji mtu katika Tanga, katika Mombasa, katika Kigoma au Unguja, akipata kijitabu cha namna hiyo katika sanduku la marehemu, asikitupe. Aandike kwa penseli ndani ya jalada kilipatikana wapi, lini na kwa nani. Atafute cha upande wa pili kwa bidii ile ile. Aviandikie orodha yenye anwani, mchapaji, mji na kurasa. Na aweke wasia ulio wazi wa maktaba itakayopokea. Mtu huyo hatasifiwa sana akiwa hai, na majirani watamwona anapoteza wakati kwa karatasi zilizochakaa. Lakini siku atakapotokea mjukuu wetu kutaka kujua watu wa wakati wetu waliwapenda viongozi wao kwa nini, na waliwachukia kwa nini, atamwendea huyo kwanza, kabla ya kutuendea sisi wenye kuandika vitabu vikubwa, na atakuwa na haki ya kufanya hivyo.